Gramu Thelathini na Tano

Baba aliniachia sanduku la mawe ya shaba,
la kilo, la nusu, la robo, mpaka kijiwe cha gramu moja
kinachoshikwa kwa kibano kama kope iliyoingia jichoni,
na bango mlangoni: Ovidio Ferrante na Binti, Mafundi wa Mizani.
Hakuniachia wateja. Wateja walikuwa wake;
walimsindikiza makaburini, wakaagana naye hukohuko.

Nikanunua orodha ya simu mia nne
kwa kijana mmoja wa Mtaa wa Salta, kwa bei ya viatu.
Nikatunga maneno, nikayakariri,
nikayamwaga sikio hadi sikio kama anayemwagilia mawe:
"Habari za asubuhi, sisi ni kampuni inayoongoza..."
Kampuni! Mimi, paka, na hita ya gesi inayokohoa.

Siku ya kwanza, simu arobaini na moja.
Hatuhitaji. Piga kesho. Nani kakupa namba hii?
Mwenye bucha mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, nikafurahi,
kumbe simu kailaza kaunta, anaendelea na kazi;
nilisikia shoka.
Ya arobaini na moja, mwanamke akasema polepole:
"Binti, hapa tuna msiba,"
na mdomo wangu, uliokwisha zoea, ukamalizia:
"kwa bei nafuu."

Nikazima simu. Wiki nzima nikapanga mawe ya baba,
kubwa kwa dogo, dogo kwa kubwa.

Julai, hapa Rosario, ndiyo kipupwe chenyewe;
mto Paraná hutoa mvuke kama sufuria iliyosahauliwa.
Saa kumi na mbili asubuhi nikaingia kwa Bi Palmira, mwokaji wa kona,
nikanunua mkate, kilo moja (huku mkate huuzwa kwa kupimwa),
nikaukimbiza nyumbani ungali moto,
nikaupandisha juu ya mizani ya baba.
Kilo moja, na gramu thelathini na tano.

Usiku nikaandika kwa mkono:
"Bi Palmira, hunijui.
Leo umenipa mkate nisioulipia; pesa yake nimeitia humu.
Mizani yako inawapenda wateja kuliko inavyokupenda wewe.
Naweza kuirekebisha Jumanne, kwa robo saa.
Ukiona haifai, pesa ni yako vilevile.
Zulema, binti wa Ovidio."
Nilikuwa nimefuta "kampuni". Nimefuta "inayoongoza".
Maneno nayo yana mizani, hata yasiyo na vina.

Hapa hodi hupigwa kwa makofi, mbele ya geti,
na mwenye nyumba huchungulia kwanza, ajue viganja ni vya nani.
Nikapiga. Barua ikapokewa na msichana mwenye unga kwenye nyusi.
Kimya.
Siku ya nane nikanunua kilo nyingine,
nikaacha sarafu nyingine na mstari mmoja:
"Safari hii arobaini."
Kimya. Nikajiambia, hodi ni tatu;
ya nne ni uvamizi.

Ya tatu sikuipiga.
Alikuja mwenyewe, aproni chini ya koti,
mizani kaikumbatia kama mtoto mwenye homa,
akazibwaga sarafu zangu mezani.
"Hizi zako. Mimi sinunuliwi.
Haya, nionyeshe hizo arobaini."

Kwa Palmira nikapata wawili; kwa hao wawili, mmoja.
Barua ishirini, majibu matano.
Si utajiri, ila hita nimeibadilisha.

Na yule wa shoka?
Kilo yake ya nyama ilipunguka gramu sitini.
Nikamwandikia pia, bila sarafu,
maana safari hii mdai ni mimi.
Barua ikarudi imechanwa vipande vinne,
imefungwa vizuri ndani ya karatasi ya nyama.
Nimeihifadhi sandukuni, kando ya kijiwe cha gramu moja.
Mwezi huu bado sijapita kwake.
Amebakiza hodi mbili.